Ndoo Moja, Salamu Maria Thelathini

Siku kampuni ilipokuja kuwauliza watu wa Rhotia ni jambo gani linalowauma, watu wa Rhotia walidanganya. Hawakudanganya kwa ubaya. Walidanganya kwa adabu, na uongo wa adabu ni mgumu kuugundua, maana anayeusema anatabasamu na anayeusikia anashukuru.

Ilikuwa Februari 2006, baada ya mvua za vuli kukataa kabisa na mahindi kunyauka yakiwa yamefika magotini. Mkuyuni Lodge, hoteli ya watalii iliyo juu ya kijiji upande wa msitu, ilikuwa imepata agizo kutoka makao makuu Arusha. Kampuni ilitaka kujua ni mambo gani yaliyo mazito zaidi kwa mazingira na kwa majirani, iyapange kwa uzito, kisha iyapime kila mwaka na kuyaandika katika ripoti. Kazi hiyo alipewa Clara, mtaalamu kijana kutoka Arusha, mwenye viatu vya ngozi na daftari lenye jalada gumu. Alikuwa binti mwenye heshima na alitaka kuifanya kazi yake vizuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: alianza na pilau.

Saa nne asubuhi watu walikalishwa uwanjani mwa hoteli, wakapewa pilau ya nyama na soda. Walipomaliza kulamba vidole, Clara alitandaza chini kadi kumi na moja, kila moja na picha yake: maji, kuni, takataka, ajira, barabara, wanyama waharibifu, na mengine. Kila mtu alipewa punje kumi za mahindi aziweke juu ya kadi za mambo anayoyaona mazito. Meneja wa hoteli, Bwana Eliamani, alisimama nyuma ya kadi, mikono mgongoni, akimtazama kila anayeinama.

Nani angeinama mbele ya mwenye nyumba, harufu ya nyama yake ikiwa bado mdomoni, aseme nyumba yako inaniumiza? Huko kwetu mtoto wa darasa la pili anajua kuwa ukila kwa mtu humlaumu siku hiyohiyo. Walizimimina punje kwenye ajira, kwa sababu kuomba kazi si lawama. Nyingine wakaweka kwenye barabara, ambayo ni kosa la serikali. Kadi ya maji ilipata punje saba. Na hesabu ya jumla ilipofanywa, punje hamsini na tatu hazikuonekana kabisa. Yalikuwa mahindi mazuri ya mbegu, na watu walikuwa na mifuko.

Flaviana, mke wa Obed Qamara, alikuwa pale na sare yake ya kijani akigawa soda. Alikuwa dobi wa hoteli kwa mwaka wa nne. Naye alipewa punje kumi kama jirani. Alisimama mbele ya kadi ya maji, akaona kivuli cha meneja kimelala juu yake, akasogea hatua moja, akaziweka zote kumi kwenye ajira.

*

Alipofika nyumbani saa kumi alimkuta mama mkwe wake, Bibi Christina, ndiyo kwanza anatua ndoo. Ilikuwa ndoo moja. Alikuwa ametoka nayo alfajiri kwenda chemchemini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti leo mmeulizwa shida zenu?" Bibi alikaa kwenye kigoda akinyoosha miguu. "Mmesema nini?"

Flaviana alijifanya anatafuta kiberiti. Mumewe, Obed, aliyekuwa anatia jembe lake mpini mpya, alijibu kwa niaba yake, akimwita mama yake kwa Kiiraqw. "Tumesema ajira, aayo. Meneja mwenyewe amesema wataongeza watu wa bustani. Jina langu limeandikwa."

"Na maji?"

"Maji nayo yalikuwepo."

"Yalikuwepo!" Bibi alicheka bila furaha. "Yalikuwepo kwenye karatasi. Sisi wenye maji tulikuwa kwenye foleni. Mkutano mnauita saa nne, mwanamke gani wa kijiji hiki yuko huru saa nne?"

Kisha akatoa rozari yake kifuani, akaishika kama mwalimu anavyoshika chaki. Wanawake wa chemchemi ile hawakuwa na saa. Walipima maji kwa sala. Unaweka ndoo ya lita ishirini chini ya mrija, unaanza Salamu Maria, na ndoo ikijaa unajua umesali ngapi. Hakuna aliyewafundisha. Foleni ilikuwa ndefu, midomo ilikuwa mitupu, na aliyeiba zamu alikamatwa kwa idadi ya sala.

"Zamani ndoo ilijaa kwa Salamu Maria tatu," Bibi alisema. "Leo nimesali matendo matatu kamili ya rozari. Salamu Maria thelathini, ndoo moja! Tena sikiliza, Mama Seba. Jumapili haiwi hivyo. Jumapili nasali tendo moja tu, ndoo imejaa. Jumatatu thelathini. Jumanne kumi. Jumatano thelathini tena. Nimeuliza wenzangu, nao wameona hivyohivyo. Sasa mimi sikusoma. Wewe umefika la saba. Niambie, chemchemi inajua vipi siku za wiki?"

Flaviana aliacha kupekua. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake muda wote. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ndizo siku za kufua pale hotelini. Tangi la kufulia halikujazwa na kisima kirefu cha hoteli. Lilijazwa na bomba la zamani, aliloliacha mwenye shamba wa kwanza, linalotoka kwenye jicho la juu la chemchemi. Mwenye kulifungulia koki kila asubuhi ya kufua alikuwa yeye.

Alimweleza mumewe baadaye, wakiwa wanachambua maharage. Obed aliweka ungo chini.

"Usimwambie mtu."

"Baba Seba, mama anakaa kwenye foleni kutwa nzima."

"Nimesikia. Na tunakula nini? Shamba limekufa. Ni mshahara wako huo wa elfu sitini ndio unatuweka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi. Obed hakuwa mwoga. Alikuwa mtu mwenye watoto watatu na debe moja la mahindi.

*

Jumanne meneja alimpitisha Clara katika idara zote kabla hajarudi Arusha kuandika ripoti. Walifika kwenye banda la kufulia wakati Flaviana na wenzake watano wanakunja mashuka. Ukutani palikuwa na chati ambayo Bwana Eliamani alijivunia kuliko picha yake ya harusi: lita za maji kwa kila mgeni kwa usiku mmoja. Mstari ulikuwa unashuka mwezi hadi mwezi, mzuri, umechorwa kwa kalamu ya kijani.

"Unaona?" alisema meneja. "Kwenye maji tuko vizuri, na wanakijiji wenyewe wameyaweka nafasi ya tisa. Ajira ya kwanza, barabara ya pili. Ripoti imejiandika."

Clara alimgeukia Flaviana, aliyekuwa karibu zaidi. "Dada, kwa siku mnafua mashuka mangapi?"

Flaviana alifungua mdomo. Meneja akamtangulia.

"Niulize mimi, Clara. Takwimu zote ninazo. Huyu ni dobi, anajua sabuni tu."

Wenzake walicheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Uso wa Flaviana uliwaka moto. Miaka minne alikuwa ameitikia "ndiyo bosi" bila kuona uzito wowote, lakini siku hiyo neno lilikwama. Alilikunja shuka alilokuwa nalo, kona juu ya kona, akaliweka juu ya mengine.

"Mia na arobaini, dada. Siku ya kufua ni mia na arobaini, na taulo juu yake," alisema. "Na maji yake hayamo kwenye hiyo chati."

Alichukua shuka jingine, akalinyoosha.

"Mita iko kwenye kisima," aliendelea, akimtazama Clara na kumwacha meneja. "Sisi hatufulii maji ya kisima. Tunafulia maji ya chemchemi, bomba lile pale. Halina mita. Siku tukifua, kule chini ndoo moja inajaa kwa Salamu Maria thelathini. Siku tusipofua, kumi."

"Flaviana," alisema meneja taratibu, "unajua unachokisema?"

"Najua, bosi. Koki ninafungua mimi."

Clara alikuwa ameshafungua daftari. "Lakini kwenye mkutano watu walisema..."

"Dada, uliwauliza wakitafuna nyama yenu. Mtu aliyeshiba kwako atakwambia nini? Mimi mwenyewe niliweka punje zangu zote kwenye ajira. Nilidanganya. Wenye kujua hawakuwepo. Walikuwa wanachota. Kesho ni siku ya kufua. Shuka chemchemini asubuhi, umtafute bibi mwenye rozari."

Alipotoka kazini jioni ile kichwa alikibeba juu. Alimwambia Obed yote, kabla hajavua sare. Obed aliuacha ugali ukapoa, kisha akaomba apewe maji ya kunawa.

*

Clara alifika chemchemini Jumatano saa moja na nusu, bila pilau na bila viatu vya ngozi. Alikuwa amevaa ndala za kuazima. Meneja alikuja nyuma yake, maana hakutaka mambo ya hoteli yake yapimwe yeye hayupo, na mtu anaweza kumlaumu Bwana Eliamani kwa mengi lakini si kwa uvivu. Wanawake thelathini na kitu walikuwa wamepanga ndoo. Hakuna aliyempisha.

"Shikamoo bibi," Clara alimwambia Bibi Christina. "Nimeambiwa wewe unapima maji."

"Marahaba. Nasali. Maji yanajipima yenyewe."

"Naomba usali kama kila siku, mimi nitaangalia saa. Mimi ni Mlutheri, sijui Salamu Maria moja inachukua muda gani."

"Si kosa lako, mwanangu," alisema Bibi, na foleni nzima ikacheka.

Ndoo ikawekwa. Bibi akaanza, na Clara akabonyeza saa yake ya mkononi. Maji yalikuwa mstari mwembamba unaoweza kuukata kwa kidole. Baada ya dakika mbili meneja aliuliza kama haiwezekani kuharakisha kidogo. Bibi alimaliza kwanza sala aliyokuwa nayo, mpaka amina.

"Mzee, Mama wa Mungu hakimbizwi. Subiri kama sisi."

Meneja akasubiri. Jua lilipanda. Ndoo ilijaa katikati ya Salamu Maria ya ishirini na tisa, na Bibi akaisali ya thelathini kwa kumalizia. Clara alisoma saa: dakika tisa na sekunde ishirini. Aliandika, akatazama foleni, akahesabu ndoo moja moja kwa kidole, midomo ikicheza. Ilikuwa dhahiri amefikia jumla, kwa sababu alikaa chini juu ya jiwe.

"Sasa tufunge koki ya kule juu," alisema. "Tuone."

Walimtuma mtu akamwambie Flaviana. Nusu saa ilipita. Ndoo tatu zilijazwa, polepole vilevile, na meneja akaanza kusema kwamba huu ni ukame, kila chemchemi ya Karatu imepungua, hata Qurus, hata Baray. Hakuwa anasema uongo. Alikuwa bado anaongea maji yalipokohoa ndani ya mrija, yakatapika tope kidogo, kisha yakaja na unene wa kifundo cha mkono wa mtoto. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, wengine wakamnyamazisha ili wasikie hesabu. Bibi Christina alisali kwa sauti sasa, na foleni ikaitikia. Salamu Maria ya kumi, ndoo ikafurika.

"Dakika tatu na sekunde tano," alisema Clara.

"Ukame upo," Bibi alimwambia meneja, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana ni kumi, si tatu. Hizo saba ni za Mungu, hatumdai. Zile ishirini ni zenu."

Bwana Eliamani alikuwa amesimama mahali ambapo maji yaliyofurika yalikuwa yanapita, na soksi zake zilikuwa zimeloa. Hakusogea. Huenda alikuwa anaiona chati yake ya kijani, mistari yote ile aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, akijua kwamba amepima kwa uaminifu kitu ambacho si chenyewe. Alivua kofia. Hakusema pole, lakini alivua kofia.

*

Mwezi wa tatu kadi zilitandazwa tena, safari hii pale pale chemchemini, saa kumi na moja jioni, baada ya ndoo ya mwisho. Hakukuwa na soda. Maji yalichukua nafasi ya kwanza, na yaliyofuata yalikuwa mbali. Kampuni ikakubali kwamba kipimo chake kikuu cha maji kitakuwa muda wa ndoo moja kujaa chemchemini siku ya kufua. Kitapimwa kila mwezi na wachotaji wenyewe, hoteli ikiwepo. Bomba la zamani likakatwa. Ufuaji ukahamia kwenye maji ya kisima yenye mita, na wageni wakaandikiwa kikaratasi vyumbani kwamba mashuka yatabadilishwa kila siku ya tatu.

Mashuka machache, madobi wachache. Hilo Flaviana alikuwa amelijua tangu lile shuka la mwisho alilolikunja mbele ya Clara, na bado alipoitwa ofisini alijifuta mikono mara mbili kabla ya kubisha hodi.

"Kazi iliyobaki ni ya watu watatu," alisema meneja. "Wewe unabaki. Umetusaidia, siwezi kukukana. Nichagulie wawili wa kubaki nao."

Huo ulikuwa mtego, ingawa aliyeutega hakujua. Flaviana aliwaza wenzake watano, watoto wao, madebe yao. Aliwaza Witness, mmoja wao, ambaye tangu siku ile hakumsalimia, na ambaye alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Umetuuza kwa ndoo ya maji."

"Sichagui, bosi."

"Basi nitachagua mimi."

"Gawa kazi. Sisi ni sita. Watatu wiki hii, watatu wiki ijayo. Na mshahara ugawe hivyohivyo, na wangu ukiwemo."

Meneja aliweka kalamu chini. "Utapata elfu thelathini. Mwaka huu wa njaa."

"Najua kugawa kwa mbili, bosi. Sijui sabuni tu."

Akacheka, Bwana Eliamani. Alicheka kwa aibu, akaandika.

Witness aliposikia hakuomba radhi. Alikuja tu jioni nyumbani kwa Obed na kikapu cha mbaazi, akakiweka mlangoni, akasema mama yake anamsalimia Bibi Christina, kwamba siku hizi anarudi na maji kabla umande haujakauka.

*

Orodha ya watu wa bustani nayo ilifutwa, kwa kuwa bustani ya hoteli ilikuwa ya kwanza kupunguziwa maji. Jina la Obed likafutwa pamoja nayo. Alilipokea hilo bila neno, kama alivyoyapokea yote, na Flaviana alishindwa kujua kilichomo kifuani mwa mume wake. Alimpikia, alimfulia, alimwona akienda shamba lililokufa kila asubuhi na kurudi. Aliogopa kuuliza.

Mwisho wa mwezi alimkabidhi zile elfu thelathini, na Obed akashuka barabarani dukani kwa Raphaeli kununua unga. Wanaume watano walikuwa wamekaa barazani wakicheza bao. Raphaeli, mwenye duka, alikuwa mtu wa mdomo.

"Karibu, mume wa mhandisi wa maji! Nasikia siku hizi kwako mkeo anawafundisha mameneja kazi." Barazani wakacheka. "Ila Obed, ukweli usemwe. Mwanamke kajikata mshahara, kakukosesha kazi, kawapunguzia na wenzake. Wewe umekaa tu? Mimi wangu angenijua."

Obed aliweka fedha juu ya meza ya duka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache wanapoanza kusema wengine huacha hata bao.

"Raphaeli, kwenye ule mkutano wa pilau wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Wote tulikuwepo."

"Mama yako anachota wapi?"

Raphaeli alianza kufungua gunia la unga.

"Anachota pale anapochota mama yangu. Wewe ulikuwa unajua, mimi nilikuwa najua, na hawa wote hapa walikuwa wanajua. Wanaume arobaini tulikula, tukafuta midomo, tukaweka punje kwenye barabara." Sauti yake haikupanda. "Mke wangu ni dobi. Alimwambia bosi wake ukweli machoni, akiwa na sare ya bosi mwilini. Na mimi nilimkataza. Nilimwambia anyamaze. Hilo nalisema hapa mbele yenu, ili mkitaka kunicheka mnicheke kwa hilo."

Mmoja wa wachezaji wa bao alikuwa ameshika kete mkononi, amesahau anakozipeleka.

"Kwa kawaida nakupimia kilo kumi," alisema Raphaeli hatimaye, sauti imeshuka.

"Nipimie tano. Mwezi huu tunakula tano."

Raphaeli alipima, akainua mkono kutaka kuongeza kidogo juu, na Obed akamzuia. Tano zilimtosha. Akautia mfuko begani, akawaaga wote kwa heshima, kisha akapandisha mlima kwenda kumwambia mkewe maneno ambayo watu wa barazani walikuwa wameyasikia kabla yake.